Kwa nini kuchanika kwa mikeka hakunifundishi?

"Daktari, shikamoo. Nina miaka 31, ni fundi aluminiamu hapa Mwanza, nina mke na mtoto mmoja. Nilianza kubeti kwa jero na buku, mchezo tu na wenzangu kijiweni. Mwaka juzi nikasuka mkeka, yaani dau moja la timu kumi na mbili zinazotakiwa zipatie zote, kwa elfu mbili, ukatiki wote, nikapata zaidi ya milioni mbili. Tangu siku hiyo sijatulia. Nimeshapoteza nyingi kuliko nilizoshinda, najua kabisa, na bado nabeti. Mwezi uliopita nimekula hela ya mteja niliyopewa ya kununulia vioo. Mkeka ukichanika naapa, usiku silali kwa majuto, jioni ya kesho yake nipo tena kwenye simu. Mke wangu anasema mimi ni mtu nisiyejifunza kwa makosa. Nimeombewa. Kijana mmoja kaniambia dopamini yangu imekwisha, nifunge kila kitu cha raha mwezi mzima ili ijae upya. Naomba unieleze: ubongo wangu umeharibika? Na kuna dawa?"

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na lile la mkeo, maana naona ndilo limekuuma kuliko yote. Alichokiona amekiona sawasawa: mtu anapoteza, anajuta, anarudi. Sababu aliyoitoa ndiyo siyo. Ubongo wako unajifunza, tena kwa bidii. Shida iko kwenye somo lenyewe: mchezo unaoucheza umepangwa hivi kwamba ushindi mmoja unafundisha kwa nguvu sana na hasara mia hazifundishi karibu chochote. Nikueleze kwa nini, halafu tuje kwenye la kufanya.

Hadithi ya dopamini iliyokwisha tuitoe njiani kwanza. Dopamini, kemikali ambayo seli za ubongo hupelekeana ujumbe kwayo, haikauki kama unavyoambiwa, na wala kazi yake kubwa si kuleta raha. Katika miaka ya 1980 na 1990, Wolfram Schultz, akiwa Fribourg huko Uswisi, alirekodi seli moja moja zinazotoa dopamini kwenye ubongo wa kima. Kima akipewa tone la juisi bila kutarajia, seli zilichangamka. Ikawa kila mara kabla ya juisi kunatangulia ishara, taa kwa mfano. Baada ya muda seli zikaacha kuijali juisi yenyewe, zikawa zinachangamka kwa ishara. Na ishara ikija kisha juisi isije, seli zilinyamaza, tena wakati uleule ambao juisi ingefika. Mwaka 1997 Schultz, Peter Dayan na Read Montague walichapisha maelezo ambayo mpaka leo ndiyo msingi wa fani hii: seli hizi zinapima tofauti kati ya ulichotarajia na ulichopata. Ukipata zaidi ya ulivyotarajia, zinapanda. Ukipata kilekile, hazitikisiki. Ukipata pungufu, zinashuka. Huko kushuka ndiko ubongo unakojifunzia kosa.

Kushuka huko nako kuna mwenyewe. Mwaka 2007 Masayuki Matsumoto na Okihide Hikosaka, nchini Marekani, walionyesha kwamba kijisehemu cha milimita chache kilichojificha katikati ya ubongo, habenula ya pembeni, kinaamka pale malipo yanapokosekana, na punde seli za dopamini zinazimwa. Kila binadamu anacho, na wewe unacho. Ndicho kinachokufanya uchukie duka lililokuuzia kioo chenye ufa, usirudi tena.

Ishara hizo, ya kupanda na ya kushuka, zinapokelewa kwenye sehemu ya ndani ya ubongo iitwayo striatamu. Pale kuna njia mbili zinazoshindana: moja inasukuma tendo lifanyike, nyingine inalizuia. Dopamini ikipanda, njia ya kufanya inaimarika. Ikishuka, njia ya kuzuia inapata nafasi ya kujifunza. Ushahidi ulio wazi sana umetoka kwa wagonjwa wa Pakinsoni, ule ugonjwa wa mwili kutetemeka na kukakamaa, ambao ubongo wao una upungufu wa dopamini. Mwaka 2004 Michael Frank na wenzake walionyesha kwamba wagonjwa hawa wakiwa hawajameza dawa wanajifunza vizuri zaidi kwa kukosea kuliko kwa kupatia. Wakimeza dawa zinazoongeza dopamini, mambo yanageuka: wanajifunza kwa kupatia, makosa hayawafundishi sana.

Mwaka uliofuata madaktari wa Mayo Clinic, Marekani, wakaeleza habari za wagonjwa 11 wa Pakinsoni walioingia kwenye kamari ya kupindukia wakiwa wanatumia dawa za kundi hilo. 9 kati yao walikuwa kwenye dawa moja, pramipeksoli. Kwa wengi waliofuatiliwa, kamari ilikoma dawa ilipopunguzwa au kusimamishwa. (Msomaji mwenye mzazi mwenye Pakinsoni asikimbilie kumkatia dawa. Aende kumwambia daktari wake.) Hayo ni majibu ya mkeo. Wale wazee hawakupoteza akili wala maadili kwa miezi michache kisha vikawarudia. Kilichobadilika ni uzito wa ishara ya kosa.

Wewe hujameza dawa hizo. Ni nini basi kimefifisha ishara ya kosa kwako? Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu watu wengi wanaokuja kuniona wakishalielewa hili huacha kujitukana.

Rudi kwenye kile kipimo cha tofauti. Anayesuka mikeka ya timu kumi na mbili anachanika karibu kila mara. Ubongo si mjinga: umeshazoea kwamba mkeka huchanika, kwa hiyo ukichanika tena, tofauti kati ya kilichotarajiwa na kilichotokea ni ndogo, na somo linakuwa dogo. Siku ile ya milioni mbili, tofauti ilikuwa kubwa mno. Elfu mbili imezaa mara elfu moja. Somo lile moja liliingia kwa kishindo, na hasara zote zilizofuata, kila moja ndogo na yenye kutarajiwa, hazijaweza kulifuta. Ndiyo maana mtu akiniambia "nikipiga mkeka mmoja mkubwa naacha", huwa namwomba asilisubiri jambo hilo. Ushindi mkubwa ndio uliokufikisha hapa.

La pili ni zile timu kumi na moja zinazotiki na moja inayochana. Mwaka 2009 Luke Clark na wenzake, wakiwa Cambridge, Uingereza, waliwaweka watu kwenye mashine ya kupiga picha ya ubongo huku wakicheza mchezo unaofanana na zile mashine za dubwi. Kukosa kidogo kuliwaudhi wachezaji kuliko kukosa kabisa, lakini kuliwaongezea hamu ya kucheza tena, na sehemu za ubongo zinazoitikia ushindi ziliitikia. Kwenye mchezo wa ustadi hilo lina maana: mshambuliaji aliyegonga mwamba kweli yuko karibu na goli. Kwenye mkeka halina maana yoyote. Umepoteza hela ileile, awe amekuchana mmoja au wamekuchana kumi na wawili.

Na huko "kuwa karibu" ni kwa uongo hata kwa hesabu. Chukua mechi kumi ambazo kila moja ungekuwa na nafasi nusu kwa nusu ya kupatia: nafasi ya kupatia zote ni 1 kati ya 1,024. Tena kampuni inajikatia faida yake ndani ya odi za kila mechi. Tuseme ni asilimia 5 tu kwa mechi. Kwenye mkeka wa mechi kumi faida hiyo inajizidisha, kiasi kwamba kwa kila shilingi 1,000 unayoweka, wastani wa kinachorudi kwa muda mrefu ni kama shilingi 600. Kadiri mkeka unavyorefuka ndivyo unavyomlipa mwenye kampuni, na ndiyo sababu bonasi zao nyingi zinakuvuta uongeze timu.

La tatu ni muda na lawama. Wewe ni fundi, una vijana unaowafundisha au uliwahi kufundishwa. Kijana akikata fremu vibaya asubuhi na ukamgombeza palepale, kesho atapima mara mbili. Ukimgombeza jioni, kwa jumla, baada ya fremu ishirini alizokata na wenzake, atajua umekasirika lakini hatajua ni kata ipi. Mkeka unawekwa Ijumaa, timu ya mwisho inakuchana Jumapili usiku. Katikati kuna refa, kuna penalti ya dakika ya 90, kuna kipa aliyeteleza. Ubongo unatafuta nani wa kubeba kosa na unampata mara moja: refa. Kidole chako kilichobonyeza Ijumaa kinabaki hakina hatia. Majuto yako ya usiku ni ya kweli na yanaumiza, ila yanafika yamechelewa.

Kisha kuna ile taa ya Schultz. Kwako ni mlio wa simu, ujumbe wa "bonasi yako inakwisha leo", jioni ya Jumamosi, sauti ya mtangazaji wa mpira, hata harufu ya mishikaki pale mnapokaa kutazama mechi. Hivyo vyote vimeshaunganishwa na malipo. Hamu inakushika kabla hujaamua lolote, ndiyo maana kiapo ulichokula saa nane usiku hakina nguvu saa kumi na mbili jioni. Kiapo kililiwa mahali ambapo hakuna taa.

Umeniandikia "najua kabisa, na bado nabeti", kana kwamba huo ndio ushahidi wa ubovu wako. Kujua na kuacha ni kazi za sehemu tofauti. Kikundi cha Antoine Bechara na Antonio Damasio huko Iowa, Marekani, kilichapisha katika miaka ya 1990 majaribio ya karata kwa watu walioumia sehemu ya chini ya gamba la mbele la ubongo, nyuma ya paji la uso. Mafungu mengine ya karata yalikuwa na zawadi kubwa na adhabu kubwa zaidi, mengine zawadi ndogo lakini mwisho wake faida. Baadhi ya wagonjwa hao waliweza kueleza kwa mdomo wao kwamba mafungu fulani ni mabaya, na mkono ukaendelea kuyachukua. Walikuwa wanajua, ila kujua huko hakukuufikia mkono.

Wewe hujaumia huko, kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni hapana, sioni sababu ya kusema ubongo wako umeharibika. Umezoeshwa, na kilichozoeshwa kinaweza kuzoeshwa upya. Ila gamba hilo la mbele linalotakiwa likushike mkono linafanya kazi hafifu ukiwa umekosa usingizi, umekunywa, au unawaza deni la kausha damu. Hebu tazama unabeti saa ngapi na ukiwa katika hali gani.

Jambo jingine kabla ya kuingia kwenye tiba. Wengi hudhani aibu ikizidi mtu atajifunza. Ile habenula niliyokutajia, kwenye majaribio ya wanyama, inapofanya kazi kupita kiasi huleta hali inayofanana na sonona: mnyama anakata tamaa, hajaribu tena. Kwa binadamu ninachokiona ni kwamba aliyeaibishwa mbele ya ukoo harudi akiwa makini zaidi. Anarudi akiwa na siri zaidi, na anabeti ili asahau aibu. Mkeo ana haki zote za kukasirika, na hela iliyoliwa ni ya nyumba pia. Lakini akiweza kuhamisha hasira yake kutoka kwenye tabia yako kwenda kwenye udhibiti wa simu na fedha, atapata zaidi.

Sasa la kufanya. Sikupi mbinu nyingi, nakupa zile ambazo kwa hali yako naziamini.

Fedha zisipite mkononi mwako kwa muda. Laini inayopokea malipo ya wateja ikae kwa mkeo, au kwa ndugu mnayemwamini nyote wawili, wewe upewe ya matumizi ya siku. Najua linamdhalilisha mwanamume mwenye kazi yake, na mikono ya wengi husita hapo. Lakini angalia kinachotokea kwenye ubongo: hamu ikipanda na hela haipo, tendo halifanyiki, na taa inawaka bila juisi. Hilo likijirudia vya kutosha, taa inaanza kupoteza maana. Ukiweka vizuizi laini, kama kufuta programu ambayo unaipakua tena kwa dakika mbili, hufiki hapo, kwa sababu kila ukiteleza mara moja kati ya mara tano unakuwa umeipa taa nguvu mpya. Malipo yasiyotabirika ndiyo yanayozoesha kuliko yote. Iandikie kila kampuni uliyojisajili, waombe wafunge akaunti yako moja kwa moja, na utunze majibu yao. Jitoe pia kwenye makundi ya kupeana "mechi za uhakika".

Pili, irudishe ishara ya kosa mahali pake. Omba taarifa ya miamala yako ya simu ya miezi sita. Kaa na mkeo au na mtu mwingine mtulivu, jumlisha kila shilingi iliyokwenda kwenye kampuni za kubeti, toa iliyorudi. Namba moja, iandike. Hasara iliyotawanyika buku buku haisikiki; ikikusanywa inasikika. Fanya hivyo mchana, umeshiba, bila ugomvi, na usifanye siku ya mechi. Hela ya mteja wa vioo iwe ndani ya hesabu hiyo, na mpigie simu yeye mwenyewe mapema mpange namna ya kumlipa, kwa sababu deni la siri ndilo linalozaa lile wazo la "niweke moja tu nikomboe". Kukimbiza hasara kumeangusha watu wengi kuliko tamaa ya utajiri.

Tatu, jiandae kwa Jumamosi. Somo jipya halifuti la zamani. Yanakaa yote mawili, na mazingira ndiyo yanayoamua lipi liamke. Mtu anaweza kukaa wiki sita salama akiwa kijijini kwa wazazi, akarudi mjini akapita pale kijiweni na hamu ikamvamia kana kwamba hajaacha hata siku moja. Hiyo si dalili kwamba hujapona. Kwa miezi ya mwanzo tazama mpira nyumbani au usitazame, na hamu ikija ondoka ulipo, piga simu kwa mtu mmoja mliyekubaliana. Huwa inapanda, inafika kilele, inashuka, mara nyingi ndani ya dakika chache, ilimradi huna cha kubonyeza. Ukiteleza, mwambie mtu siku ileile, kabla haijawa kesho.

Kufunga kila cha raha mwezi mzima sikushauri. Hakuna tangi linalojaa upya kwa kuacha muziki na nyama choma. Chenye maana ndani ya ushauri ule ni kimoja tu: kukaa mbali na kamari yenyewe na vichocheo vyake. Ukijinyima na mengine yote, utabaki na siku tupu, na siku tupu ndizo zinazokurudisha. Kuhusu kuombewa, endelea kama kunakupa nguvu. Nimeona watu ambao kusali na wenzao kuliwapa mahali pa kwenda Jumamosi jioni, na hilo peke yake ni kubwa. Ila maombi yasiwe badala ya kutoa laini ya simu.

Umeuliza dawa. Tiba yenye ushahidi mzuri zaidi kwa kamari ni ya mazungumzo, ile inayolenga fikra na tabia: vikao kadhaa na mtaalamu anayekusaidia kuzishika fikra kama "nilikuwa karibu" na "leo zamu yangu" na kuzijaribu. Naltreksoni, dawa inayotumika kwa uraibu wa pombe na wa heroini, imejaribiwa kwa wacheza kamari na imewasaidia baadhi kupunguza hamu. Lakini haikutengenezwa kwa ajili hiyo, inahitaji kupimwa ini, na haifai kwa anayetumia dawa za maumivu za jamii ya afyuni. Usiinunue dukani. Methadoni, ambayo Muhimbili ilianza kuitoa mwaka 2011 kwa waraibu wa heroini, haihusiki na kamari hata kidogo. Ninaitaja kwa sababu kuna watu wanaoiulizia.

Uende hospitali lini? Kwako wewe nasema sasa, usisubiri. Umekula hela isiyo yako, umeshindwa kuacha mara nyingi, hulali. Vitabu vya uainishaji wa magonjwa vinavyotumika duniani vimeshaiweka kamari ya namna hii kwenye kundi moja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya, cha Wamarekani mwaka 2013 na kile cha Shirika la Afya Duniani kilichoanza kutumika 2022. Kwa hiyo hutakuwa unampotezea daktari muda. Na kama katika zile usiku za kukosa usingizi limewahi kukupitia wazo kwamba familia ingekuwa bora bila wewe, usilale nalo tena. Mwambie mkeo leo na muende hospitali pamoja leoleo. Wenye madeni ya kamari hupatwa na mawazo hayo zaidi ya watu wengine, na yanatibika.

Kama pia unakunywa pombe nyingi kila siku, usiiache ghafla peke yako, kwani kwa mnywaji mzito kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege. Kamari haina hatari hiyo ya mwili. Unaweza kuiacha usiku huu, ingawa siku za mwanzo utakuwa na hasira na usingizi wa mang'amung'amu.

Mwanza una hospitali kubwa, Bugando na ya mkoa ya Sekou Toure. Mapokezi ulizia kliniki ya afya ya akili. Usiseme una msongo wa mawazo kisha ukaishia hapo, maana utapewa vidonge vya usingizi na kurudishwa nyumbani. Sema: "Nimeshindwa kuacha kubeti, nina madeni, nahitaji msaada." Beba ile karatasi ya hesabu, na kama mkeo atakubali, ingieni wote wawili.